Gundi inaachia, na klampu za dukani hazishikiki

"Shikamoo fundi. Nilisoma useremala VETA, sasa nimeanza kujitegemea hapa Morogoro. Karakana yangu ni jina tu, ni kibaraza cha nyuma ya chumba nilichopanga. Nina meza ya kazi ya sentimita 60 kwa 120, randa moja ya chuma, misumeno miwili, patasi nne na keekee. Natengeneza stuli, meza ndogo na makabati ya vyombo. Shida yangu ni kuunga mbao. Nikibandika mbao nne kupata upana wa meza, baada ya wiki mbili au tatu mstari mmoja unaachia. Chuoni tulizoea klampu ndefu za chuma za kubania mbao, lakini bei yake dukani inanishinda. Na jioni mama mwenye nyumba anataka kibaraza kiwe wazi. Je, naweza kujitengenezea klampu na vifaa vingine vya meza yangu, na vikafanya kazi kweli?"

Marahaba, mwanangu. Vitafanya kazi, tena vizuri. Nimekaa Keko, Dar es Salaam, miaka mingi na nimeona makabati ya milango mitatu yakibanwa kwa vipande vya mti na mpira wa baiskeli, yakatoka yamenyooka. Ila umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja. Klampu ni la pili. La kwanza ni kwa nini mstari unaachia, na kwa ninavyosoma maelezo yako, hata ningekuletea klampu sita za chuma kesho asubuhi, huo mstari ungeachia tu.

Umesema unaachia mmoja, mingine inashika. Gundi ni ile ile, mkono ni ule ule, siku ni ile ile. Kilichotofautiana ni kingo. Kabla hujapaka gundi tena, simamisha ubao mmoja juu ya mwenzake, ukingo kwa ukingo, uviinue vyote viwili usawa wa macho ukielekea mwanga wa mlangoni. Ukiona mwanga unapenya, hata kwa unene wa karatasi mbili, hapo ndipo patakapofunguka. Klampu haitibu ukingo mbovu. Inauvuta ukae kwa nguvu, gundi inakauka ikiwa imeshikilia mbao inayotaka kurudi kwao, na siku moja inarudi.

Dawa yake haigharimu kitu. Chukua mbao mbili zinazopakana, zikunje kama kitabu, nyuso za juu zitazamane, uzishike pamoja na upige randa kingo zote mbili kwa mpigo mmoja. Randa yako ikilala upande kidogo, ukingo mmoja utatoka nyuzi 91 na wa pili nyuzi 89. Ukifungua kitabu, kosa la huyu linamezwa na kosa la yule, na ubapa wa juu unakuwa sawa. Namna hii hata mkono usiozoea unapata muungo mzuri. Kwa mbao ndefu kuliko sentimita 60 hivi, ongeza mpigo mmoja au miwili ya randa katikati tu, usifike kwenye ncha, ili katikati pabaki upenyo mwembamba kama karatasi. Klampu ya katikati itaufunga, na ncha zitabaki zimekazana zenyewe. Ncha ndizo hukauka kwanza, kwa hiyo ndizo huachia kwanza.

Na mbao yako imekauka? Paini nyingi tunayonunua hushuka kutoka Mafinga ikiwa bado na maji. Mafundi wa zamani walihesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Najua huna mwaka wala stoo. Basi chukua ubao mmoja mfupi katika hizo ulizonunua, nenda kwa mangi mwenye duka akupimie kwenye mizani yake, andika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Zipange zote chumbani kwa fito katikati hewa ipite. Kila wiki rudi kwa mangi. Atakucheka mara ya kwanza na ya pili, ya tatu ataanza kukuuliza umeshuka kiasi gani. Uzito ukigoma kushuka, mbao imefika mahali hewa ya Morogoro inaporuhusu, na hapo ndipo ubandike. Mimi mwenyewe niliwahi kubandika meza ya watu wanane kwa mbao za mtiki zilizopasuliwa mwezi ule ule, kwa sababu mteja alikuwa na shughuli ya harusi. Ilipendeza sana siku ya harusi. Kaskazi ilipoanza kuvuma ikapasuka katikati, nikaifanya upya kwa hasara yangu.

Sasa twende kwenye kubana. Hesabu za viwandani zinataka kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba ya gundi kwa mbao laini kama paini, na kilo 12 hadi 17 kwa mbao ngumu. Ukingo wa urefu wa sentimita 60 na unene wa sentimita 2.5 una eneo la sentimita za mraba 150. Ina maana hata kameza kako ka paini kangetaka zaidi ya tani moja. Usitishike. Hesabu hizo ni za mashine inayobandika mbao mia kwa zamu, ambako hakuna anayekagua kila ukingo kwenye mwanga wa mlango. Ukingo ukikaa vizuri, mbano mdogo zaidi unatosha. Mafundi waliotumia gundi ya ngozi na mifupa walikuwa wakisugua kingo mbili kwa mkono mpaka zigome kusogea, wakaziacha hivyo bila klampu yoyote. Gundi yetu nyeupe haipendi kuachwa hivyo, lakini uelewe kwamba kazi ya klampu ni kushikilia mbao zisitembee huku gundi ikibanwa iwe nyembamba. Nguvu za kunyoosha mbao iliyopinda usizitafute kwake.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: nguvu ya klampu husambaa ndani ya mbao kama mwanga wa tochi, takriban nyuzi 45 kila upande. Ubao wa pembeni ukiwa na upana wa sentimita 15, klampu moja inafikisha mbano kwenye mstari wa gundi kwa urefu wa sentimita 30. Kwa hiyo weka mbao pana pembeni na nyembamba katikati, utahitaji klampu chache. Ukifanya kinyume utahitaji klampu kila baada ya kiganja.

Klampu nitakayokuelekeza kwanza ndiyo ningekupa hata kama ungekuwa na pesa, kwa sababu ya mama mwenye nyumba. Kazi uliyobandika lazima ilale imebanwa, na wewe lazima uondoke kibarazani jioni. Unataka klampu inayobeba kazi yake, uinyanyue kama mlango, uiegemeze ukutani chumbani, ulale. Hiyo ni klampu ya kabari yenye mapao mawili.

Tafuta mbao ngumu iliyokauka, yenye nyuzi zilizonyooka, isiyo na kifundo. Mkaratusi unafaa, mtiki unafaa, mabaki ya mninga ni anasa lakini yanafaa. Kata mapao mawili ya sentimita 100, upana sentimita 5, unene sentimita 4. Moja litakaa chini ya mbao unazounga, jingine juu yake, kama mkate na mayai katikati. Yafunge pamoja na uyatoboe kwa pamoja, ili matundu yatazamane bila kubahatisha, tundu la milimita 13 kupitia ubapa wa sentimita 5. Upande wa kushoto toboa tundu moja. Upande wa kulia toboa manne au matano, kila baada ya sentimita 5. Tundu la mwisho lisikaribie ncha ya pao chini ya sentimita 10. Wengi hukosea hapo: wanatoboa karibu na ncha, siku ya kukaza kipande cha mbele kinang'oka kwa kufuata nyuzi, na kabari inarukia mguu. Kama keekee yako haina ncha ya kufika milimita 13, mpelekee fundi wa kuchomelea mwenye drili ya kusimama. Ni kazi ya robo saa.

Kwenye matundu pita bolti mbili za milimita 12, urefu sentimita 15, kila moja na nati yake na waasha mbili. Bolti hizi zina kazi mbili. Zinasimama kama kuta ambazo kabari itasukuma, na nati zake, ukizikaza kwa vidole tu, zinayafanya mapao yashike mbao juu na chini zisijikunje kama gamba. Klampu ya chuma ya dukani inabana upande mmoja tu, ndiyo maana ukiikaza sana kazi inainuka tumbo. Hii haiinui.

Kabari zenyewe kata kwa jozi. Chukua kipande cha urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 4.5. Unene wake uwe pungufu kidogo kuliko mbao unazounga, ili usikwame kati ya mapao: kama meza ni ya milimita 25, kabari iwe ya 22. Weka alama ya sentimita 1 kwenye kona moja, na sentimita 1 kwenye kona iliyo mshazari nayo, piga mstari, pasua. Umepata kabari mbili zinazofanana, kila moja inapanda sentimita 1 kwa kila 8. Kipimo hicho usikipuuze. Kwa mpando huo msuguano wa mbao kwa mbao unaizuia kabari isirudi yenyewe. Ukiikata fupi na nene, ipande 1 kwa 3, utaigonga na itarudi. Usiipige msasa ikang'aa, wala usiipake nta. Ile michirizi ya msumeno unaiona kama uchafu lakini ndiyo breki.

Upangaji ni huu: bolti ya kushoto, kibao cha kinga, mbao zako, kibao cha kinga tena, jozi ya kabari zikiwa zimelaliana ncha kwa tako, kisha kijazio, kisha bolti ya kulia. Kijazio ni kibao tu chenye mfuo wa kukumbatia bolti. Kata vya sentimita 1, 2 na 3, maana matundu yako yamepishana sentimita 5 na kabari zenyewe zinakupa mwendo wa sentimita moja na nusu hivi. Gonga kabari moja huku nyundo nyingine, au jiwe, ikizuia tako la mwenzake. Kwa kameza kako ka sentimita 60 tengeneza seti tatu. Ya kwanza itakuchukua siku nzima, ya tatu itakuchukua saa mbili.

Kuna ufundi mdogo unaofanya mapao haya yashinde hata ya kiwandani. Uso wa pao unaogusa kazi upige randa uwe na tumbo la milimita 1 tu katikati, ncha zishuke. Ukikaza nati za pembeni, tumbo linalala na mbano unafika mpaka katikati ya meza. Pao lililonyooka kabisa hubana pembeni na kuacha katikati panaelea. Halafu uso huo huo ufunge nailoni, la sivyo gundi itakayochuruzika italibandika pao kwenye meza na utakuwa umetengeneza meza yenye kiuno. Zamani tulitumia mifuko ya rambo. Tangu ipigwe marufuku mwaka 2019 mimi naomba nailoni la kufungia magodoro dukani. Wanalitupa, na ni zito kuliko rambo.

Kabla ya gundi fanya jaribio kavu, kila kitu, mpaka kabari ya mwisho. Hewa ya joto inakausha gundi nyeupe upesi. Una dakika kumi hivi, na mchana wa jua pungufu ya hapo, kwa hiyo huo si wakati wa kutafuta kijazio cha pili kilikoangukia. Bandika alasiri, jua likishageuka. Paka ukingo wote, gundi ifanye utando kamili, maana mstari mkavu hutokana zaidi na kupaka kidogo au kuchelewa kuliko kukaza mno. Kabari zako hazina nguvu ya kuikamua gundi yote. Anza na seti ya katikati, kisha za pembeni, zote kidogo kidogo kwa zamu. Ukiona vijishanga vya gundi vinatoka kwenye mstari wote kwa mpangilio, acha kugonga. Mahali pasipotoka shanga, hapo ndipo patazame. Baada ya saa moja mbao inashika kiasi cha kunyanyuliwa ikiwa kwenye klampu zake. Usiitoe kwenye klampu mpaka asubuhi, na usiipige randa mpaka saa 24 zitimie. Mtiki una mafuta. Ufute ukingo wake kwa kitambaa na spiriti muda mfupi kabla ya kupaka.

Fremu, miguu ya stuli na vitu vyenye mduara havihitaji mapao. Nenda kwa fundi baiskeli, uombe tyubu zilizochoka. Kata utepe wa sentimita 3 kwa urefu wote, uvute kwa nguvu na uzungushe. Kila mzunguko unaongeza nguvu juu ya ule wa chini, na ukifika mara sita au saba utashangaa. Tyubu ndiyo klampu bora kwa mguu uliopasuka kwa sababu inafuata umbo lolote, na inaendelea kuvuta hata gundi ikipungua. Lakini haina akili: inavuta kila upande, na stuli yako inaweza kukauka ikiwa imejisokota kama mtu aliyekunja miguu. Ukishazungusha, pima mshazari huu na ule kwa kijiti kimoja. Vikitofautiana, sukuma kona ndefu kwa kiganja mpaka vilingane, ndipo uiache.

Kwa fremu kubwa tumia kamba ya mkonge mara mbili kuzunguka pembe nne, kila pembe na kipande cha mbao chenye mkato wa kuilinda, kisha ingiza kijiti katikati ya kamba mbili na usokote. Kijiti kiegemee fremu kisirudi nyuma. Wakati mwingine nikisokota kamba hivyo nawaza mtepe, chombo cha Lamu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kikaenda baharini. Kama kamba iliyokazwa vizuri ilishika mbao za chombo baharini, fremu ya kioo cha kujitazamia haitaishinda.

Klampu ya skrubu utaitaka tu, maana kuna vitu vidogo ambavyo kabari haiwezi kuvifikia. Usihangaike kuchonga thredi za mti. Hapa ndipo pesa kidogo inapotumika vizuri: nunua fimbo ya chuma yenye thredi mwanzo mpaka mwisho, ya milimita 12, huuzwa kwa urefu wa mita moja, na nati zake, uikate vipande viwili viwe bolti. Kata taya mbili za mbao ngumu, sentimita 4 kwa 4, urefu 25. Bolti ya kwanza ipite katikati ya taya zote mbili, tundu liwe pana kidogo ili taya ziweze kuinama; hii ndiyo inayovuta taya zikaribiane. Bolti ya pili ikae nyuma, ipite kwenye nati uliyoizamisha ndani ya taya moja kwa gundi ya vyuma ya kuchanganya, na ncha yake isukume taya ya pili kwenye kishimo kidogo chenye waasha. Kaza ya katikati mpaka taya ziguse kazi, kisha kaza ya nyuma: itazisukuma taya kwa nyuma, na midomo itabana mbele. Kila mzunguko mmoja unasogeza milimita 1.75 tu. Ni polepole mpaka inachosha, lakini mkono wa kawaida unapata nguvu kubwa. Paka thredi mshumaa, grisi inachafua kazi.

Ukipata jeki mbovu ya gari dogo, ile ya kukunja, usiipite. Ndani yake kuna skrubu nene yenye thredi za bapa, pamoja na nati yake, imetengenezwa kubeba gari. Ng'oa misumari ya viungo, chukua hivyo viwili, ubaki na moyo wa jiliwa ya meza, ile vaisi ya kushikia kazi, ambao ungeununua ghali. Jiliwa yenyewe lakini iache kwa sasa. Meza yako inahamishwa kila siku, na jiliwa nzito kwenye meza inayohamishwa huishia kulegeza miguu.

Badala yake ifanye meza yenyewe ishike kazi. Toboa matundu ya milimita 20 juu yake, mistari miwili, kila baada ya sentimita 15, na uchonge vigingi vya kuingia humo kwa kukaza kidogo. Kigingi kimoja mbele ya ubao tayari ni kizuizi cha kupigia randa. Ili kushika ubao uliosimama kwa ukingo, chukua kipande cha mbao cha sentimita 30, kikate mfereji wenye umbo la V, kifunge kwenye meza kwa vigingi viwili, ingiza ncha ya ubao ndani ya V na kabari pembeni. Unavyosukuma randa ndivyo ubao unavyojikaza. Mhunzi akikupindia chuma cha mviringo cha milimita 16 kiwe kama namba 7, utakigonga ndani ya tundu kikajibana chenyewe na kushika kazi juu ya meza. Ukikigonga nyuma ya shingo kinaachia. Hicho kinataka ubao wa juu wa unene wa sentimita 5 au zaidi, na tundu lisilozidi chuma kwa zaidi ya milimita tatu nne.

Meza nyepesi hutembea. Isogeze ukutani na usukume randa kuelekea ukuta, halafu weka ubao chini kati ya miguu yake na juu yake mfuko wa mchanga. Jioni mfuko usogeze pembeni, hakuna atakayeuiba. Urefu wa meza uwe usawa wa kifundo cha mkono wako ukisimama wima mikono ikining'inia, au chini yake kidogo. Meza nyingi za vijana ni ndefu mno, wanapiga randa kwa mabega badala ya mwili.

Vifaa vidogo nitavipitia haraka. Mahati, ambayo wengine huita geji, ni kijiti chenye ncha ya msumari iliyonolewa bapa kama kisu na kibao kinachoteleza juu yake kikikazwa kwa kabari ndogo. Kinachora mstari sambamba na ukingo vizuri kuliko penseli yoyote. Nyundo ya mbao ichonge kwa mkaratusi, kichwa kiwe na tundu linalopanuka kuelekea juu ili mpini uingie kutoka juu na kila pigo liukaze. Kwa kukatia msumeno tengeneza ubao wenye ubavu chini unaokumbatia ukingo wa meza na ubavu juu unaozuia kazi. Ubavu huo wa juu ukiuweka nyuzi 90 kamili, ubao huo huo unalaza randa ubavuni na kunyoosha ncha za mbao zilizokatwa vibaya. Kuhakiki hiyo 90, chora mstari kwa skwea, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikipishana, skwea ndiyo mwongo, na kosa lake ni nusu ya unachokiona.

Ukichonga mvule au mkongo, funga kitambaa puani. Vumbi lake linawasha na linabana kifua, na kibaraza kilichofungwa pande tatu hakilitoi.

Sasa fanya hivi. Kabla hujagusa meza ya mteja, tengeneza seti moja ya mapao na kabari, ubandike vipande viwili vya mabaki vya sentimita 30, kingo zikiwa zimepigwa randa kama kitabu. Subiri saa 24. Viegemeze kwenye ngazi ya mlango, mstari wa gundi ukiwa hewani, uvipige kwa nyundo mpaka vivunjike. Kisha nijulishe mpasuko umefuata gundi, au umeingia ndani ya mbao, yaani muungo umeshika.